Kisu Kipya Hakisifiwi Siku ya Kwanza

Katika nchi iliyo baina ya Ruiru na Thika, mtu anunuapo kisu au panga jipya hawezi kulificha kwa muda mrefu. Kabla hajafika nyumbani kwake, jirani amekwisha kukiona kifurushi cha karatasi chini ya kwapa, na mwingine ameomba kushika. Basi chombo hutolewa karatasini, hupimwa uzito mkononi, hugongwa kwa ukucha ili kusikiliza mlio wake, makali hupapaswa kwa kidole gumba, na kila mtu aliyepo hutoa neno lake. Huyu husema ni chepesi mno. Huyu husema mpini umekaa vizuri. Wa tatu hukumbuka kile alichokinunua zamani mjini Thika, ambacho kwa maneno yake hakijapata mfano mpaka leo.

Hali ndiyo hiyo Mugutha, wala si ajabu, maana Mugutha ni mahali ambapo kisu kina kazi tangu alfajiri hadi usiku. Wako wafugaji wanaowakatia ng'ombe wao majani ya nepia. Wako wenye migomba na mikahawa. Wako wachinjaji. Wako akina mama wauzao mboga kando ya njia, ambao kila jioni hukata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi kwa ajili ya wateja watokao kazini. Mashamba mengi ya zamani ya kahawa katika upande huo yamegawanywa kuwa viwanja vya nyumba, na barabara kuu ya Thika iliyokamilika mwaka 2012 imewaleta watu wengi wafanyao kazi Nairobi. Lakini kazi ya kisu haikupungua, imebadilika tu.

Mazungumzo hayo ya visu ni mazuri, kwa kuwa mtu hujifunza mengi kwa mwenziwe. Hata hivyo, ndani yake limo kosa moja ambalo huwapotezea watu fedha zao, pengine vidole vyao, na pengine mazao ya jirani asiye na hatia. Kosa hilo ni kukihukumu kisu siku ya kwanza.

Siku ya kwanza kila kisu hung'aa. Siku ya kwanza kila kisu hukata, kwa sababu makali yake yametoka kiwandani juzi. Kinachosifiwa siku hiyo si kisu, bali ni kazi ya gurudumu lililokinoa na mafuta yaliyokipaka. Waswahili walisema zamani ya kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na neno hilo lafaa kuandikwa juu ya kila meza ya mwuza visu.

ALIYEKIFUA ALIJULIKANA

Zamani shida hii haikuwa kubwa hivyo. Mtu wa nchi ya Wakikuyu aliyetaka kisu alikwenda kwa mhunzi, ambaye kwa lugha ya huko huitwa muturi. Chuma kilipatikana katika mchanga mweusi uliokusanywa na kuoshwa mitoni, kisha ukayeyushwa katika tanuru ya udongo kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliandika habari za kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910, na Jomo Kenyatta naye aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938. Mhunzi aliheshimiwa, tena aliogopwa, kwa maana laana yake ilisadikiwa kuwa na nguvu. Lakini jambo lililo kubwa kwa mnunuzi ni hili: mhunzi alikuwa jirani. Kisu kikipinda, mwenye kisu alijua mlango wa kuubisha.

Kisha ukaja wakati wa vitu vya dukani. Mwaka 1913 reli ilifika Thika, na bidhaa za ng'ambo zikapata njia rahisi ya kuingia katika nchi hiyo. Katika mwaka ule ule, huko Uingereza, katika mji wa Sheffield uliosifika kwa visu tangu karne nyingi, Harry Brearley alitengeneza chuma ambacho hakishiki kutu kwa urahisi. Mapanga yakaja pia kutoka Birmingham, ambako kampuni ya Ralph Martindale ilianzishwa mwaka 1874, nayo chapa yake ya mamba ikajulikana sana katika Afrika. Baada ya uhuru, Tanzania nayo ikajenga kwa msaada wa Uchina kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam. Na Nairobi, mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Gikomba hutengeneza visu na mapanga kwa vyuma vikuukuu, na hasa kwa springi za malori.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo hamjui aliyekifua kisu chake. Anaijua chapa tu, na chapa ni picha. Mtu mwovu aweza kuipiga juu ya chuma chochote. Ndiyo sababu yampasa mnunuzi ajue mwenyewe kukisoma chuma, kama vile ajuavyo kumtazama ng'ombe meno kabla ya kutoa fedha.

CHUMA NI CHA NAMNA NYINGI

Watu wengi hudhani ya kuwa chuma ni chuma tu. Sivyo. Chuma cha msumari ni laini, kwa kuwa hakina kaboni nyingi ndani yake, yaani ile asili iliyomo katika makaa. Kikiongezwa kaboni, hata kufikia kama asilimia 0.6 au zaidi, chuma hicho kikipashwa moto na kuzamishwa katika maji au mafuta hugeuka kuwa kigumu. Hii ndiyo feleji. Springi ya lori imetengenezwa kwa chuma cha namna hiyo, na kwa hiyo panga lililofuliwa kwayo na fundi mwenye ujuzi laweza kushindana na lile lililovuka bahari.

Lakini kuzamisha peke yake hakutoshi, maana chuma kilichozamishwa tu ni kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Fundi mwema hukirudisha motoni kidogo, kwa moto wa kadiri, mpaka ugumu wake upungue kwa kiasi. Yeye hutazama rangi ipitayo juu ya chuma kilichosuguliwa: kwanza manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha samawati. Kila rangi ina kazi yake. Manjano hufaa kwa makali ya kisu. Samawati hufaa kwa springi ipindayo na kurudi.

Chuma kisichoshika kutu ni namna nyingine. Hicho kimechanganywa na kromiamu, si chini ya sehemu kumi katika mia. Hufaa jikoni, mahali pa maji, chumvi na ndimu, wala hakiachi ladha ya chuma katika chakula. Vingine ni vizuri sana. Lakini vile vya bei ya chini mara nyingi ni laini, na makali yake huondoka upesi. Kisu cha feleji, kwa upande wake, huweza kunoleka kikawa kama wembe, ila kikilazwa na maji usiku mmoja, asubuhi kimevaa kutu. Basi anayeuliza, “Kipi ni bora?” hajauliza vema. Yampasa aulize, “Bora kwa kazi gani?”

MASHAHIDI WATATU

Hapo ndipo mabishano mengi ya visu yaanzapo. Mkata majani husema kisu chema ni kile kizito kidogo upande wa mbele, ili uzito wake wenyewe umsaidie mkono. Muuza mboga husema la, kisu chema ni chepesi, chembamba, chenye bapa lililonyooka, kwa maana yeye hukata mamia ya mara kwa jioni moja, na uzito ungemchosha kifundo cha mkono. Mchinjaji naye husema wote wawili hawajui: kisu chema cha kuchunia ngozi lazima kiwe kimepinda tumboni, ncha yake isiwe kali mno, isije ikatoboa ngozi na kuipunguzia thamani. Wote watatu wamesema kweli. Kila mmoja ameshuhudia kazi yake, wala si kisu cha mwenzake.

Chukua mfano wa kijana aishiye kwa kuwakatia majani wenye ng'ombe. Amenunua panga jipya kwa ujira wake, nalo linang'aa kama maji ya bwawa. Analipeleka kwa mzee aliyefanya kazi ya kupogoa kahawa maisha yake yote.

“Guka, tazama,” asema kijana. “Nimelijaribu katika mgomba. Pigo moja tu, shina limelala chini.”

Mzee alipokea panga kwa mikono miwili. Hakuyatazama makali. Alitazama mpini.

“Mjukuu wangu,” akasema, “mgomba ni maji yaliyosimama. Hata mwiko wa ugali ungeweza kuukata, kama mpishi ana hasira. Umelijaribu katika tupa?”

“Tupa? Guka, ni jipya. La nini kulipiga tupa?”

“Ili lijibu. Panga ambalo halijakutana na tupa halijasema neno lake la kwanza.”

Mzee akaleta tupa, akaipitisha mara moja tu karibu na mpini. Tupa ikazama kama katika sabuni. Mzee hakusema kitu. Akamrudishia kijana panga lake, akampa na tupa ashike mwenyewe, ajisikie. Panga lile lingetaka kunolewa mara kumi kwa siku, na katika muda mfupi lingekwisha kuliwa na tupa. Ujira wa kijana ulikuwa umekwenda kununua mng'ao.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Mfano huo waonyesha ya kuwa yako mambo machache ambayo mnunuzi aweza kuyatazama kabla hajatoa fedha, wala hayahitaji elimu ya kiwanda.

Kwanza, tupa. Ikiwa mwenye duka anakubali, ipitishwe kidogo mahali pasipodhuru. Ikizama kama katika msumari, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno kwa panga, nacho chaweza kumeguka kikikutana na jiwe. Panga jema hukubali tupa, lakini kwa shida kidogo.

Pili, msuka, yaani ule ulimi wa chuma uingiao katika mpini. Panga ambalo msuka wake ni mpana na hufika mpaka mwisho wa mpini, ukaonekana pande zote mbili, ni la kutumainiwa. Lile ambalo msuka wake ni mfupi kama kidole, umefichwa ndani ya mpini wa plastiki, siku moja litaruka kutoka mkononi, na hakuna ajuaye litaangukia wapi.

Tatu, misumari ifungayo mpini. Iwe imekazwa, isipite juu ya mti ikakwaruza kiganja. Mahali padogo palipoinuka dukani huwa lengelenge kubwa shambani kabla ya saa sita.

Nne, unyofu. Kisu huinuliwa kwa usawa wa jicho, kikatazamwa kama seremala atazamavyo ubao. Kisha bapa hukandamizwa polepole juu ya meza. Likipinda kidogo na kurudi, ni jema. Likibaki limepinda, lirudishwe kwa mwenyewe.

GURUDUMU NA RANGI YA SAMAWATI

Hata hivyo, kisu chema kabisa chaweza kuharibiwa kwa dakika moja na mnoaji asiyejua kazi. Wako wanoaji wapitao na baiskeli, ambao hukanyaga pedali na kulizungusha jiwe. Wako na wenye mashine za umeme. Wengi wao ni mafundi wa kweli. Lakini cheche nyingi si dalili ya kazi njema. Gurudumu liendalo kasi hukitia kisu moto, na moto ule ukizidi, rangi ya samawati hutokea penye makali. Mwenye kisu hufurahi akidhani ni pambo. Kumbe ugumu wote ambao mhunzi au kiwanda kiliutia umekwisha kutoka mahali pale, na makali hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo yote isagwe na kuondolewa. Basi na ahimizwe mnoaji akizamishe kisu katika maji kila mara, tena kabla hakijawa moto.

Kunoa nyumbani ni bora zaidi. Kinoo kilowe maji, na kisu kilazwe juu yake kwa pembe ndogo. Asiyejua kukisia pembe aichukue karatasi yenye kona ya mraba, aikunje kona ile katikati, kisha aikunje tena. Kona nyembamba ipatikanayo ni nyuzi 22 na nusu, nayo yafaa kwa kisu cha jikoni. Panga la kukatia vijiti hutaka pembe pana zaidi, ili makali yasimeguke. Upande mmoja hunolewa mpaka kidole kisikie kiunywele cha chuma upande wa pili, kisha hugeuzwa. Kiunywele kile kikiondoka, kazi imekwisha.

Wako wasemao kisu kikali ni hatari nyumbani. Ukweli ni kinyume chake. Kisu butu hudai nguvu, na nguvu ikizidi mkono huteleza. Muuza mboga mwenye kisu kikali hukiacha kisu kifanye kazi. Mwenye kisu butu hukisukuma, na siku moja hukisukuma mpaka katika kidole chake. Vivyo hivyo katika mikahawa: tawi lililokatwa kwa makali mema huacha jeraha laini, na lile lililoraruliwa huacha nyuzinyuzi zinazoshika maji na kuoza. Mugutha haiko mbali na kituo cha uchunguzi wa kahawa cha Ruiru, ambako mbegu ya Ruiru 11 ilitoka mwaka 1985. Lakini hata mbegu iliyo bora kabisa haiwezi kumtetea mkulima mbele ya panga butu.

MGOMBA WA JIRANI

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Desturi ya kulijaribu panga jipya katika mgomba si ya upuuzi tu, ina hatari. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa nchini Uganda, na baada ya miaka michache ukaonekana upande wa magharibi wa Kenya. Ulikuwa umejulikana Ethiopia tangu miaka ya 1960. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa haipo. Wadudu huueneza, lakini njia yake nyingine kubwa ni chombo chenyewe: panga likatalo mgomba mgonjwa, kisha likakata mzima, hupeleka ugonjwa kama sindano.

Fikiri basi panga lipitalo mikononi mwa watu kumi, kila mmoja akilijaribu katika shamba lake ili apate la kusema. Kwa maana hiyo, panga lililoazimwa au kupitishwa kwa majirani lisafishwe kabla ya kukata mgomba mwingine. Maafisa wa kilimo hufundisha njia mbili: kulipitisha juu ya moto mpaka lisishikike kwa mkono, au kuliosha kwa maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo. Anayetumia moto akumbuke habari za rangi: joto la kuunguza mkono latosha, lisifikie samawati wala wekundu. Anayetumia dawa alisuuze panga lake, alikaushe, alipake mafuta, kwa maana dawa ile huleta kutu.

Mazungumzo ya visu yaendelee, basi, maana ni shule isiyo na karo. Lakini anayekuja na kisu kipya aulizwe kazi yake, msuka wake na jibu lake kwa tupa. Kisha aambiwe akirudishe baada ya mavuno mawili. Siku hiyo, bapa limepungua, mng'ao umekwisha, mpini umechukua umbo la kiganja, na makali bado yanapatikana kwa kinoo kidogo, hapo wenzake wamsifu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wazee. Nao hawakusema kikali cha jana dukani, bali kikali cha leo, mezani.